Abiria Asidaiwe Deni la Mradi

Kuna kauli inayorudiwa kila bajeti inaposomwa na kila mabasi yanapoharibika: mradi wa usafiri lazima ujilipe. Waziri akiisema, wachumi wanaitikia. Mhariri akiiandika, msomaji anaiona busara tupu. Serikali inakopa, inajenga, abiria anapanda na kulipa nauli, nauli inarudisha mkopo, na baada ya miaka kadhaa faida inaanza kuingia. Kwa wenye mtazamo huo, mradi usiorudisha fedha zake kwenye kidirisha cha tiketi ni hasara, na anayeutetea anatetea uzembe.

Naipinga kauli hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Nauli haiwezi kulipa gharama za mradi mkubwa wa usafiri wa umma. Haijawahi kuzilipa karibu popote duniani, na ubishi wa kuilazimisha izilipe ndio uliotufikisha wakazi wa Dar es Salaam hapa tulipo, ambapo mtu mzima aliyevaa tai anaingia kwenye basi kwa kupitia dirishani.

Tupige hesabu kwanza, na tuanzie kwa majirani. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim ya China takribani dola bilioni 3.2 ili kujenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Treni ya abiria, Madaraka Express, ilianza safari mwaka 2017, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ni shilingi 1,500 za Kenya. Tuseme treni inabeba abiria milioni mbili na nusu kwa mwaka, na wote wanasafiri mwanzo hadi mwisho wa njia. Hizo ni shilingi bilioni 3.75. Kwa dola inayouzwa shilingi 130, hazifiki dola milioni 29. Ukizipeleka zote kwenye mkopo, bila kununua lita moja ya dizeli, bila kumlipa dereva, bila kubadilisha hata taa ya kituo, mtaji peke yake utarudi baada ya zaidi ya miaka 110. Riba sijaigusa. Waongeze na wa daraja la kwanza. Miaka itapungua, lakini kwa nauli peke yake hakuna aliye hai leo atakayeuona mwisho wa deni hilo.

Nitaambiwa kwamba ile reli ilijengwa kwa ajili ya mizigo, na mizigo ndiyo ingelipa. Basi tuangalie kilichotokea serikali ilipojaribu kuifanya ilipe. Mwaka 2019 iliamriwa makontena ya kwenda Nairobi na nchi jirani yasafirishwe kwa treni, mwenye mzigo apende asipende. Mombasa ikawaka moto wa maandamano: madereva wa malori, mawakala wa forodha, wenye yadi na maghala, mama ntilie waliowapikia. Mji ulinyang'anywa riziki ili treni ipate mapato ya kuonyesha kwenye vitabu. Septemba 2022 rais mpya, William Ruto, alipoapishwa tu, alitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini Mombasa. Hiyo ndiyo gharama ya kung'ang'ania kwamba mradi ujilipe: ukishindwa kujilipa kwa hiari ya wateja, unatafutiwa wateja kwa nguvu.

Tena serikali zetu zinajua ukweli huu, ila hazipendi kuusema mbele ya abiria. Kenya ilianza kutoza ushuru wa maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, mwaka 2013, miaka minne kabla ya abiria wa kwanza kukata tiketi. Tanzania, katika bajeti ya 2023/24, iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kugharimia miradi ya kimkakati, reli ya SGR ikiwemo. Hakuna aliyesimama bungeni na kusema tusubiri nauli ya shilingi 31,000 ya Dar es Salaam hadi Dodoma ijenge hiyo reli. Kwa matendo yao walishakiri kwamba reli hujengwa na kodi. Sasa kwa nini basi la Kimara lipewe sheria nyingine?

Awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, kilometa 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Njia na vituo vilijengwa kwa fedha za umma, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mabasi na uendeshaji vikaachiwa kampuni ya UDART, nayo ikatakiwa kuishi kwa nauli. Mkopo wa mabasi, riba, dizeli, mishahara, matairi, spea, vyote vitoke kwa abiria. Kampuni ikapiga hesabu zake na kuomba nauli ya shilingi 1,200 kwa njia kuu. Serikali ikasema hiyo haibebeki, na ilisema kweli. SUMATRA, mdhibiti wa wakati huo, ikapanga shilingi 650.

Pengo kati ya 1,200 na 650 halikujazwa na mtu. Huenda ile 1,200 ilitiwa chumvi. Wafanyabiashara huomba zaidi ili wapunguziwe. Kama ni hivyo, mdhibiti angeweka hadharani gharama halisi ya basi moja kwa kila kilometa, aseme abiria atalipa kiasi gani na Hazina itafidia kiasi gani. Hilo halikufanyika. Tulitaka nauli ya chini, jambo la haki, na tukakataa ruzuku. Ukivitaka vyote viwili, kuna kitu cha tatu kitakachokufa, na kilichokufa ni huduma.

Sisemi kila ubovu wa mwendokasi ulitokana na nauli. Karakana ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mzaliwa wa mji huu anajua maji hujaa, na mabasi yakaogelea humo masika baada ya masika. Mabasi mengine 70 yaliagizwa yakakaa bandarini muda mrefu kwa mvutano wa kodi. Yaani serikali ilitaka abiria abebwe, na papo hapo ilitaka ushuru wa chombo cha kumbebea. Uongozi nao ulikuwa na makosa yake. Lakini kampuni yenye fidia ya uhakika ingenunua mabasi mapya kabla ya yale 140 ya mwanzo kuchoka. Inayoishi kwa makusanyo ya jana hununua spea ikipata, na isipopata hulinyofoa basi moja ili kulitengeneza jingine.

Fika Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi linaingia tupu, na kabla halijasimama vijana wameshashika madirisha. Mmoja anarusha begi ndani kuwekea siti, mwenzake anamsukuma kiunoni apite. Mlangoni akina mama wenye watoto mgongoni wanabanwa pembeni. Dada mjamzito anaacha basi la kwanza, la pili, la tatu, mkono tumboni, jicho kwenye saa. Wote hao wameshakata tiketi. Hakuna mwizi wa nauli pale.

Kinachoendelea pale kina sababu ya kihesabu, na wanaohubiri mradi ujilipe hawaielezi. Kwa mwendeshaji anayeishi kwa nauli, basi lililoshona hadi mlangoni ndilo basi zuri. Akileta basi la pili dakika tatu baadaye, watu ni wale wale, nauli ni ile ile, ila dizeli ni mara mbili na madereva ni wawili. Kila hatua ya kumpunguzia abiria adha kwake ni hasara. Saa nane mchana, abiria wakiwa wachache, faida iko katika kuyaegesha mabasi, na mgonjwa anayetoka kliniki Muhimbili atasubiri. Ukimlipa mwendeshaji kwa idadi ya vichwa, atabana vichwa. Ukimlipa kwa kilometa alizotembeza basi safi kwa ratiba, ataleta mabasi. Nauli peke yake haiwezi kumlipa kwa njia hiyo ya pili.

Mtetezi wa mradi ujilipe akibanwa hapa hukimbilia daladala. Anasema: daladala hazipewi ruzuku na zinakwenda, mbona hamjifunzi kwazo? Ni swali zuri, na lina majibu mazito.

Daladala haijawahi kulipa hata kokoto moja ya barabara inayopita. Gari ni kuukuu, lilishachoka kwa wenzetu kabla ya kupakiwa melini. Dereva hana mkataba. Ana hesabu ya tajiri anayotakiwa kuifikisha jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na konda wake. Akiumwa anaingia deiwaka. Hana bima ya afya, hana pensheni. Ndiyo maana anakatisha ruti na kuwashusha watu njiani, ndiyo maana anapita pembeni ya barabara akiwatimulia vumbi wenye meza za nyanya. Ndiyo maana pia mtoto wa shule mwenye shilingi 200 mkononi anazuiwa mlangoni na konda anayepaza sauti kwamba wanafunzi wameshatosha, wawili tu. Konda yule si katili. Kila mwanafunzi anayekaa kwenye siti ya mtu mzima anatoboa hesabu ya siku. Ruzuku ipo kwenye daladala, tena kubwa: inatolewa na dereva kwa mgongo wake, na mwanafunzi kwa vipindi anavyokosa. Haiandikwi popote, basi tunajidai haipo.

Nimetaja barabara. Hapo ndipo panaponikera zaidi. Mwaka 2018 tulifungua daraja la juu la Mfugale pale TAZARA. Mwaka 2021 likafuata Daraja la Kijazi, Ubungo, ghorofa tatu za barabara. Kutoka Kimara hadi Kibaha serikali imepanua Barabara ya Morogoro hadi njia nane. Nani aliuliza Daraja la Kijazi litajilipa lini? Ni mhariri gani aliyeandika kwamba njia nane za Kibaha zinaendeshwa kwa hasara? Mwenye gari la kifahari anapita Ubungo bure, peke yake na kiyoyozi chake, na tunaita maendeleo. Chini yake basi lililobeba watu zaidi ya mia moja linapita, nalo linaulizwa vitabu vya hesabu.

Wapo watakaosema mwenye gari hulipa tozo ya mafuta. Analipa, na daladala inalipa, na mwendokasi inalipa. Abiria wa Mbagala anachangia tozo hiyo ndani ya nauli yake, kisha anaambiwa barabara ni ya wote ila basi ajilipie. Wapo pia watakaonitajia Daraja la Nyerere la Kigamboni, ambako magari yanatozwa. Ni kweli, na tunakumbuka malalamiko ya wenye magari yaliyodumu hadi serikali ikapunguza viwango mwaka 2022. Hakuna aliyewakemea kwamba hawana nidhamu ya fedha.

Tuje kwenye mfuko wa abiria mwenyewe. Nauli ya njia kuu ilishapanda kutoka 650 hadi 750. Anayekaa ndani, huko Mbezi au Goba, hupanda daladala kwanza, na kwa safari isiyozidi kilometa kumi nauli ni 600. Kwenda 1,350, kurudi 1,350, jumla 2,700 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 70,200. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilichoanza Julai 2025 ni shilingi 500,000, na mlinzi, dada wa saluni au fundi cherehani wa Kariakoo wangeshukuru kukipata hicho. Mtu mmoja, asilimia 14 ya mshahara, kabla ya chakula, kodi ya chumba na mtoto yeyote kupanda gari. Sasa mwambie mtu huyo alipe nauli halisi, yenye mkopo wa barabara na riba ya mabasi ndani yake. Hatailipa. Ataamka saa tisa usiku atembee, au atahama kazi, au atapanda bodaboda ya mishikaki na mwisho wake tutaukuta wodi ya mifupa. Abiria wakipungua mapato yanapungua, na wenye mradi watapandisha nauli tena.

Addis Ababa walishaipita njia hii kwa namna nyingine. Treni yao ya mjini ilifunguliwa mwaka 2015 kwa dola milioni 475, asilimia 85 ya fedha hizo zikiwa mkopo wa China. Nauli iliwekwa birr 2, 4 na 6, na watu wakajaa. Fedha ya kutunza treni, hasa fedha ya kigeni ya spea, haikuwekewa chanzo. Katika treni 41, nyingi zilikuwa zimesimama baada ya miaka michache. Wapo wanaoutumia mfano huo kudai nauli ingepandishwa. Mimi nasoma kinyume: mji uliofanikiwa kuwabeba watu wake wa kipato cha chini uliachwa bila chanzo cha pili cha fedha, na chuma kikaoza.

Hata Bogotá, mji uliotufundisha mwendokasi, haukujenga kwa nauli. TransMilenio ilipoanza Desemba 2000, tulihubiriwa sana jinsi nauli zake zilivyolipa mabasi na madereva. Ambacho hatukusisitiziwa ni kwamba njia na vituo vililipwa na serikali kuu pamoja na tozo ya petroli ya mji wenyewe. Hong Kong wanaotajwa kila mahali kwa reli yenye faida hutengeneza fedha kubwa kwenye ardhi: serikali huipa MTR haki ya kujenga juu na pembeni ya stesheni kwa bei ya kiwanja ya kabla ya reli kufika, na shirika huuza au kupangisha kwa bei ya baada ya reli. London nao, ili kupata njia ya Elizabeth iliyofunguliwa Mei 2022, walianza kuwatoza wenye majengo makubwa ya biashara tangu 2010. Na mji huo huo ulipojaribu kuendesha usafiri wake kwa kutegemea nauli kuliko miji mingine mingi ya Ulaya, janga la mwaka 2020 likawafungia watu majumbani na serikali kuu ikalazimika kuuokoa kwa mabilioni ya pauni.

Nimeziacha hoja mbili hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndizo zenye uzito.

Ya kwanza: kwa nini mkulima wa Mpanda, asiyewahi kupanda mwendokasi, amlipie nauli mtu wa Kimara? Jibu langu ni kwamba asimlipie. Fedha hizo zipo Dar es Salaam, ila haziguswi. Kituo kinapojengwa, fremu ya duka iliyo hatua hamsini kutoka hapo hupanda kodi bila mwenye nyumba kunyanyua tofali. Kiwanja kilichokuwa cha banda la mabati huwa hoteli. Thamani hiyo imetengenezwa na umma, kwa mkopo wa umma, na inaingia mfuko wa mtu mmoja. Tunaitoza vipi? Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU kwa kiwango kilichopangwa: nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikaongezwa hadi 1,500. Nyumba ya kawaida iliyo mkabala na kituo cha Manzese na iliyo mwisho wa lami Chamazi zinakatwa sawa, na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme. Kwa hiyo abiria anachangia mara mbili, na aliyetajirishwa na kituo hachangii chochote cha ziada. Weka kiwango kinachofuata thamani ya ardhi kando ya njia kuu, ongeza ada za maegesho katikati ya mji, tenga sehemu ya tozo ya mafuta yanayouzwa Dar es Salaam, na mkulima wa Mpanda hataguswa shilingi.

Hoja ya pili ni ile inayosemwa kwa sauti ya chini: ruzuku italiwa. Walio na hofu hii hawana makosa, wameona mengi. Lakini tuitazame vizuri. Fedha huliwa pale ambapo hakuna anayejua kilichonunuliwa. Fidia ya jumla, ya kuziba hasara ya kampuni mwisho wa mwaka, italiwa kweli, na mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga. Malipo kwa kilometa ni kitu kingine. Basi lina kifaa cha kuonyesha lilipo. Lilitembea au halikutembea. Nauli ikusanywe na chombo kisicho mwendeshaji, iingie akaunti isiyo ya mwendeshaji, na mwendeshaji alipwe kwa kazi iliyoonekana. Mpango wa awali wa DART, wakala wa mwendokasi, wenyewe uliwatenganisha mwendeshaji, mkusanya nauli na msimamizi wa fedha. Irudishwe nidhamu hiyo, na kila mwezi ubandikwe ukutani mwa kila kituo, kwa Kiswahili cha kawaida, mabasi mangapi yalitakiwa kutoka, mangapi yalitoka, na kila moja lililipwa nini. Abiria wa Kimara ni mkaguzi mkali kuliko ofisi yoyote. Mpeni karatasi tu.

Nauli iendelee kulipwa. Sitetei usafiri wa bure. Nauli ibebe sehemu ya dizeli na mishahara, kiasi ambacho mtu wa kima cha chini anakimudu, na mdhibiti akitangaze kiasi hicho pamoja na kiasi cha fidia katika tangazo moja, siku moja. Kupanga nauli bila kupanga fidia kusiruhusiwe tena na sheria.

Njia ya mwendokasi kwenda Gongo la Mboto na ile ya Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta zinajengwa. Madalali wa Mwenge na Tegeta hawasubiri mabasi. Bei za viwanja wameshaanza kuzitaja kwa kuhesabu kituo kitakapokaa. Wizara ya Ardhi na halmashauri zipeleke wathamini huko sasa hivi, waandike kila kiwanja kilikuwa na thamani gani kabla ya basi la kwanza kupita, na tozo ya ongezeko la thamani hiyo ipitishwe kabla ya utepe kukatwa. Baada ya hapo wenye viwanja watakuwa na mawakili, na abiria atabaki na tiketi yake.